Ngozi ya samaki kwenye kidonda: hatari iko wapi hasa?

Video za Brazil zilisambaa sana: mgonjwa aliyeungua, mkono umefunikwa ngozi ya sato, madoa ya samaki yakionekana kabisa. Kazi hiyo ilianzia mji wa Fortaleza. Iceland nako, kampuni ya Kerecis hutengeneza viraka vya vidonda kwa ngozi ya samaki wa bahari ya Atlantiki yenye ubaridi, na Marekani iliviruhusu mwaka 2013.

Wanaoitetea tiba hii huanza na magonjwa yatokayo kwa wanyama, na hapo wana hoja nzito. Kolajeni, yaani protini inayoipa ngozi uimara, nyingi inayotumika hospitalini hutoka kwa ng'ombe na nguruwe. Tangu kichaa cha ng'ombe kiitikise Uingereza, malighafi ya wanyama hao hukaguliwa kwa jicho kali, na kuua virusi vyao kunahitaji kemikali zinazochakaza ngozi. Samaki yuko mbali nasi kimaumbile, kwa hiyo ngozi yake husafishwa kwa upole zaidi. Mwislamu naye anaondokewa na swali la nguruwe, tena samaki hahitaji kuchinjwa.

Matokeo pia yapo. Utafiti wa Ulaya uliochapishwa mwaka 2024 uliwafuata wagonjwa 255 wa kisukari wenye vidonda vya miguu vyenye kina kirefu. Baada ya wiki 16, asilimia 44 ya waliowekewa ngozi ya samaki walipona, dhidi ya 26 ya waliopata matibabu ya kawaida. Ni tofauti kubwa, ingawa mdhamini alikuwa Kerecis yenyewe, na zaidi ya nusu bado hawakupona.

Upande wa pili, watu hukimbilia mzio. Wengi wenye mzio wa samaki hudhuriwa na parvalbumini, protini ambayo kwa sehemu kubwa imo kwenye nyama. Lakini wapo ambao mwili wao huikataa kolajeni yenyewe, ndiyo maana viraka hivi havipewi mwenye mzio wa samaki. Kwenye zahanati zetu swali la mzio likiulizwa, mara nyingi huishia kwenye penisilini na salfa.

Kinachonisumbua zaidi ni kile ambacho video haionyeshi. Kolajeni iliyokamuliwa kutoka samaki wa bahari zenye ubaridi hulegea katika joto la chini sana kuliko la mwili wetu. Ya sato huvumilia zaidi. Ili isiyeyuke kidondani, baadhi ya watengenezaji huikaza kwa kemikali kama glutaraldehidi, ambayo mabaki yake huua seli zilezile zinazotakiwa kuota. Hapo samaki hana kosa tena. Mionzi ya gama nayo huua bakteria, ila sumu zilizomo kwenye maganda yao hubaki, na lazima zipimwe kivyake katika kila toleo, yaani kila kundi la viraka vilivyotengenezwa pamoja.

Kule Fortaleza ngozi huparuliwa nyama na magamba, huloweshwa kwenye klorheksidini (dawa ya kuua vijidudu) na gliserini, kisha hupigwa mionzi. Ngozi mbichi kutoka mwaloni haijapitia lolote kati ya hayo. Kuibandika kwenye jeraha la moto ni kupanda bakteria wa ziwani mahali ambapo kinga ya mwili imeshabomoka.

Kiraka kilichopimwa, kwa mgonjwa aliyeulizwa kuhusu samaki, ningekikubali. Kutengeneza chetu Mwanza au Kisumu ni jambo jingine: ngozi za sangara na sato si haba, lakini kwanza nionyeshwe maabara itakayopima kila toleo, na bajeti ya kuiendesha.