Tangi la kurudia lijae kwanza

Agosti 2023, huko kwenye sayari ya Mirihi, kisanduku chenye ukubwa wa betri ya gari kiliwashwa kwa mara ya mwisho. Kinaitwa MOXIE, na kilifika huko Februari 2021 tumboni mwa Perseverance, gari la NASA lisilo na dereva. Kilikuwa kinavuta hewa ya Mirihi, ambayo karibu yote ni kabonidayoksaidi, kinaipasha moto hadi nyuzi 800 hivi, kisha kinatumia umeme kuitenga oksijeni. Kiliwashwa mara 16, kikatoa gramu 122.

Kwangu mimi hiyo ni habari kubwa kuliko roketi yoyote inayorushwa siku hizi.

Kwenda Mirihi ni miezi saba hivi, na mwili wa binadamu unastahimili zaidi ya hapo. Daktari Mrusi Valeri Polyakov alikaa siku 437 mfululizo katika kituo cha anga cha Mir, na aliporudi Machi 1995 alitoka chomboni akatembea mwenyewe hadi kwenye kiti. Mionzi ya njiani ni hatari. Kutua ni kazi pevu pia, maana hewa ya kule ni nyepesi mno na Perseverance, mzigo mzito kuliko yote iliyowahi kutua salama, ilikuwa na tani moja tu. Lakini wahandisi wanapambana na hayo.

Linaloninyima usingizi ni kurudi. NASA wanakadiria kwamba kuwanyanyua watu wanne kutoka ardhi ya Mirihi kunahitaji tani 7 za mafuta na tani 25 za oksijeni ya kuyaunguza. MOXIE, kwa kasi yake kubwa kabisa ya gramu 12 kwa saa, ingechukua zaidi ya miaka 230 kuijaza oksijeni hiyo, bila kupumzika hata usiku mmoja.

Watu wa pwani wataelewa upesi. Majahazi ya Ghuba yalikuja na kaskazi, yakarudi na kusi, na nahodha hakutweka tanga bila kujua pepo za kumrudisha. Mirihi nayo ina msimu wake: njia nzuri hufunguka kila baada ya miezi 26 hivi. Basi msimu mmoja upeleke mtambo mkubwa wa oksijeni, bila mtu ndani. Ufanye kazi, tangi lijae, vipimo visomwe kutoka huku duniani. Watu waondoke msimu unaofuata.

Mradi wa Mars One wa Uholanzi, uliotangazwa 2012, ulitaka kupeleka watu kwa tiketi ya kwenda tu, na walijitokeza wengi kuomba nafasi. Ulifilisika 2019, na sikuusikitikia. Mtu kukubali kufa mbali na kwao hakumpi mwingine ruhusa ya kumpeleka.

Siku chombo kisicho na abiria kitakapoondoka kwenda Mirihi na mtambo wa tani nyingi, nitakesha kukitazama.