Aliyemsahau Mwenzi Wake Bado Anaweza Kupenda?

Mwaka 2007 familia ya Sandra Day O'Connor, mwanamke wa kwanza kuwa jaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani, ilisema hadharani jambo ambalo familia nyingi hulificha. Mumewe John, waliyeoana mwaka 1952 na ambaye jaji huyo aliacha kazi ili amuuguze, alikuwa na ugonjwa wa Alzheimer, unaofuta kumbukumbu polepole, na katika makao alikohamishiwa alikuwa amempenda mwanamke mwingine. Wawili hao walikaa kwenye bembea ya barazani wameshikana mikono. Mwana wa jaji alieleza kwamba mama yake hakununa. Alifurahi kumwona mumewe ametulia.

Wapo wanaokataa kuliita jambo hilo mapenzi. Kwao, kupenda ni pamoja na kukumbuka: ahadi, ugomvi uliosuluhishwa, maradhi mliyouguzana. Asiyejua jana alikuwa na nani amebaki na haja ya joto la binadamu tu, tena pengine yeye wa zamani, aliyekula kiapo, angeona haya kujiona pale. Hoja hiyo si nyepesi, lakini inachukulia kwamba kumbukumbu ikiondoka huondoka na hisia. Utafiti uliofanywa katika jimbo la Iowa, Marekani, mwaka 2014 ulionyesha vingine: wagonjwa wa Alzheimer walioonyeshwa vipande vya filamu vya kuhuzunisha na vya kufurahisha waliendelea kuhuzunika au kufurahi hata pale walipokuwa wamesahau walichotazama. Kwa hiyo anayetembelewa asubuhi, kisha mchana akakana kutembelewa, hakupata hasara. Utulivu wa ziara ile huenda bado anao.

Ugumu wenyewe, kwa maoni yangu, uko kwenye ridhaa. Katika jimbo hilohilo la Iowa, Henry Rayhons, aliyekuwa mbunge wa jimbo, alishtakiwa mwaka 2014 kwa madai ya kumwingilia mkewe mgonjwa baada ya kuelezwa kwamba mke huyo hana tena uwezo wa kuridhia. Mwaka 2015 baraza la wazee wa mahakama lilimwona hana hatia. Wanaotaka ulinzi mkali wana sababu, kwani asiyeweza kusimulia kesho alilotendwa leo ni rahisi kudhulumiwa. Hata hivyo, kumpiga marufuku kuguswa kwa upendo nako ni dhuluma, na ridhaa haikai mdomoni pekee: mhudumu makini humwona anayemsogezea mwenzake kiti, na humwona pia anayekakamaa mabega mlango unapofunguliwa.

Anayesahaulika katika mjadala huu ni mwenzi mzima. Si kila mke ana kifua cha Jaji O'Connor, na anayeondoka akilia baada ya kumkuta mumewe ameegemea bega la mwingine hahitaji kuambiwa na wahudumu kwamba ingempasa afurahi.