Acheni Kuniagiza Vidonge vya Samaki

Anayekaribia kwenda likizo nyumbani hupewa orodha. Zamani ilikuwa simu, manukato na raba. Siku hizi kimeingia kitu kipya: "Usisahau zile za samaki, za watoto wasioshika darasani." Chupa zenyewe zimejaa kwenye rafu za maduka ya dawa hapa Uingereza. Zina picha ya mtoto mwenye miwani anayechekea kitabu, na chupa ya mwezi mmoja inaweza kuvuka pauni 10. Zigeuze ziwe shilingi, kisha tafuta pa kukaa.

Sichukii kubeba, sanduku lina nafasi. Kinachoniudhi ni kwamba anayeniagiza anakaa Mwanza.

Mwanza! Pale Mwaloni Kirumba dagaa wanapakiwa kwa magunia, harufu inakufuata mpaka ndani ya daladala, halafu mtu anataka nimletee samaki aliyekamuliwa, akafungwa kwenye kidonge laini na kutiwa ladha ya chungwa.

Najua jibu lenu. "Keshakuwa Mzungu huyo. Watoto wa huko wanameza vidonge, wa kwetu anatuambia wale dagaa." Haya, tuigeuze hiyo chupa tusome nyuma. Mbele wameandika miligramu 1,000 kwa herufi za kuonekana toka barabarani. Hayo ni mafuta ya samaki kwa jumla. Kinachotafutwa kwa ajili ya ubongo ni DHA, aina moja ya mafuta ya omega-3 yaliyomo ndani yake, na kwenye kidonge cha kawaida cha miligramu 1,000, DHA huwa kama 120 tu. Utafiti wa Oxford wa mwaka 2012, ule ulioleta matumaini, uliwapa watoto wa miaka 7 hadi 9 DHA miligramu 600 kila siku kwa wiki 16. Hivyo ni vidonge vitano kwa siku. Chupa ya vidonge 30 inakata siku ya sita. Na hata hapo waliosogea ni wale tu waliokuwa nyuma kabisa katika kusoma. Utafiti huo uliporudiwa, majibu yakatoka 2018: hawakuwapita wenzao waliopewa vidonge visivyo na kitu.

Kwa hiyo mimi nibebe nini hasa?

Ushauri wa afya wa hukuhuku ni kula samaki mara mbili kwa wiki, na mara moja kati ya hizo awe samaki wa mafuta. Hilo kwetu linawezekana bila visa wala kilo za ziada. Tatizo ni namna tunavyowatendea dagaa. Walioanikwa mchangani waloweke kwenye maji ya vuguvugu dakika kumi, wasugue kwa viganja, mwaga, rudia mpaka chini ya sufuria pasibaki chembe. Wengi wa watoto wanaosema hawapendi dagaa, ukweli ni kwamba hawapendi mchanga. Akilalamika uchungu, vunja vichwa. Kaanga kwa mafuta kidogo, usiwazamishe, maana ukiwazamisha mafuta yao yanatoka na ya kupikia yanaingia. Kwa mtoto mdogo wakaushe kwa moto mdogo, twanga, chekecha, kisha tia kijiko kimoja cha chakula kwenye bakuli la uji. Twanga wa wiki moja tu, weka kwenye chombo chenye kifuniko mbali na jua. Dagaa aliyegeuka rangi ya kutu na anayekereketa kooni, mafuta yake yameshaharibika kwa jua na hewa, na hapo unamlisha mtoto miiba na chumvi.

Nimeandika hayo kwa kujivuna, nakiri. Sasa niwakere kidogo. Dagaa hafundishi kusoma. Hakuna chakula kinachoondoa disleksia, yaani ule ugumu wa kusoma ambao mtoto huzaliwa nao, wala huku wala huko. Chakula kinaondoa vitu vinavyofanana na ugumu wa kujifunza, au vinavyouzidisha, na kwetu kikubwa kati ya hivyo ni damu.

Mtoto wa miaka 5 hadi 11 mwenye himoglobini chini ya gramu 11.5 kwa desilita ana upungufu wa damu. Anasinzia, anasahau alichoambiwa sasa hivi, anaanza sentensi haimalizi. Mwalimu anaandika "mzembe". Nyumbani maharage yapo, mchicha upo, lakini pembeni kuna kikombe cha chai, na chai inafunga madini ya chuma yasiingie mwilini. Sogezeni chai. Saa nzima kabla ya chakula au saa nzima baada yake, na kwenye maharage kamulieni ndimu, au mtoto amalizie na chungwa au pera, kwa sababu vitamini C inayafungulia mlango madini hayohayo. Naambiwa chai ndiyo kifungua kinywa chenyewe. Najua, na ndiyo maana naisema. Chai ya rangi na andazi saa kumi na mbili, kisha mpaka saa nane hakuna kitu, halafu tunashangaa hesabu za kipindi cha nne zinamshinda. Uji wenye karanga, au yai la kuchemsha, ndio unaofika saa nne. Karanga zichambuliwe moja moja, iliyosinyaa au yenye ukungu itupwe. Tulikwisha kuzika watu Dodoma na Manyara mwaka 2016 kwa sababu ya sumukuvu, msinifanye nirudie.

Kidole kichomwe zahanati, damu ipimwe, kabla ya kununua chochote. Vidonge vya madini ya chuma msivinunue dirishani kwa kukisia, na vikiwamo ndani vifungiwe juu, maana mtoto mdogo akivila kama pipi vinaua. Dawa ya minyoo ikiletwa shuleni msimfiche mtoto, kwa kuwa safura wanakunywa damu ileile mnayohangaika kuijenga kwa maini.

Kwenye jambo moja la chakula huku nawavulia kofia. Mwaka 2007 watafiti wa Southampton waliwapa watoto vinywaji vyenye rangi za viwandani pamoja na sodiamu benzoeti, kemikali ya kuzuia vinywaji visiharibike, wakaona wengine wanazidi kutotulia. Haikuwa athari kubwa, lakini toka Julai 2010 rangi sita, yaani E102, E104, E110, E122, E124 na E129, zikiwamo kwenye chakula kinachouzwa huku lazima pakiti iseme kwamba zinaweza kuathiri utulivu na umakini wa mtoto. Viwanda vingi vikaona aibu, vikabadilisha rangi. Sisi bado tunakoroga juisi ya unga ya njano inayong'aa gizani na kununua barafu za rangi getini kwa shule. Mkiwa na mtoto asiyetulia, ziondoeni wiki mbili, hizo tu, msibadilishe kitu kingine, na muandike kila jioni alivyokaa. Mkibadilisha vitu vinne kwa pamoja hamtajua kipi kilisaidia, na mtaishia kumshukuru mganga.

Mazoezi sasa. Hapa ndipo Wazungu wanaponichekesha. Shule za huku ziliwahi kuwafundisha watoto kusugua ngozi chini ya mtulinga eti ni vitufe vya ubongo, damu ipande. Wazazi wengine wameuziwa mazoezi ya kusimama juu ya ubao unaoyumba huku mtoto anarusha kifuko cha maharage mkono huu kwenda mkono ule, asubuhi na jioni, kwa ahadi kwamba mizani ya mwili ikikaa sawa, kusoma kutakaa sawa. Kinachokaa sawa ni mizani. Mtoto anakuwa hodari wa kusimama juu ya ubao, na "b" na "d" bado zinabadilishana nafasi.

Lakini mtoto mzito wa mikono, anayemwaga, anayeshindwa vifungo, anayeandika kwa kuchimba karatasi, huyo mazoezi yanamsaidia, mradi yawe ya kazi yenyewe. Anashindwa kufunga shati, fanyeni mazoezi ya shati. Mama afunge vifungo vyote, mtoto amalizie cha mwisho. Akikiweza, aachiwe viwili. Mnakwenda kinyumenyume hivyo mpaka shati lote ni lake, na kila mara yeye ndiye anayemaliza. Huku mtaalamu wa tiba kwa vitendo atakuonyesha hilo baada ya kusubiri miezi. Nyumbani mnaweza kuanza leo jioni.

Kisha kuna mdako. Angalieni mtoto anayecheza mdako kwa karibu. Amechuchumaa bila kuegemea, kete moja iko hewani, jicho linaifuata, mkono uleule unachota kokoto kutoka shimoni, unarudisha zote ila idadi inayotakiwa, na kuidaka kete kabla haijagusa ardhi. Mgongo, jicho, vidole, kuhesabu na kungoja zamu, vyote kwa kokoto za bure. Huku kifaa cha kufundisha nusu ya hayo kinakuja kwenye boksi na maelekezo ya lugha sita. Na nyinyi mnawafungia watoto geti wakae na simu, eti kucheza mchanga ni ushamba!

Mtoto mzito muanzishieni kokoto tatu na mfuko mdogo wa mchanga badala ya kete, maana ni rahisi kuudaka na haudundi. Kukamua nguo, kukanda unga wa chapati, kuchambua mchele, vyote ni nguvu za vidole. Kwa kalamu, mpeni kipande cha chaki kifupi kama kucha ya dole gumba. Hakishikiki kwa ngumi, kwa hiyo vidole vitatu vinajipanga vyenyewe. Miguu iguse chini. Kama benchi ni refu kuliko yeye, tofali moja chini ya nyayo linatosha, kwa sababu mtoto anayening'inia anatumia akili yake yote kutoanguka. Na kwa asiyetulia, dakika 20 za kukimbia au kuruka kamba kabla ya kazi ya shule. Kabla, jamani. Kumnyima mapumziko kama adhabu ni kuchukua kiti cha magurudumu kwa sababu mtu hakutembea.

Nani atamfundisha kusoma, basi? Hapo ndipo ninapokasirikia kwetu, na sitaomba radhi.

Kiswahili kinaandikwa kama kinavyotamkwa, kwa hiyo mtoto wetu mwenye disleksia mara nyingi hakosei sana. Anachelewa. Anasoma ma-ma-a-na-pi-ka, akifika "ka" mama ameshapotea. Watu wazima wanaona anajua herufi, basi akishindwa hadithi ni mvivu. Dawa yake ni ya kuchosha, na haiuzwi kwenye chupa. Ni dakika 15 kila siku, siku tano kwa wiki. Silabi tano kwenye vikaratasi, azisome, azipige makofi, aziandike mchangani kwa kidole huku anazitamka. Asipoziweza mara tatu mfululizo bila kusita, kesho ni zilezile. "Mb", "nd", "ng'" na "ny" zingoje mpaka ba-be-bi-bo-bu iwe kama kupumua. Kisha aya moja fupi, asome ileile siku tatu, na mhesabu sekunde. Siku ya tatu mwonyesheni alivyopunguza. Inapoharibika ni pale mzazi aliyechoka anapopandisha sauti dakika ya kumi na mbili. Ukiona unapanda, funga, hata kama dakika hazijaisha.

Kabla ya yote hayo, macho na masikio. Mwambie asome kalenda ya ukutani kutoka upande wa pili wa chumba, kisha nong'ona jina lake ukiwa nyuma yake. Hicho si kipimo cha daktari, ila kinatosha kukupeleka kwa daktari.

Mtaniuliza watoto wa huku wanatuzidi nini, kama vidonge ni kazi bure na mazoezi yao ni vituko. Wanatuzidi barua. England, mzazi mwenyewe anaweza kuiandikia serikali ya mtaa akitaka mtoto apimwe mahitaji yake. Wana wiki sita za kujibu kama watampima au la, na ikibidi mpango wake wa msaada, wiki 20 toka barua ifike uwe mkononi. Wiki hizo huvukwa sana, msidhani ni peponi, wazazi wanalia na kukata rufaa. Lakini kuna tarehe ya kudai, na katika kila shule ya kawaida ya serikali kuna mwalimu mmoja ambaye kazi yake ni mtoto huyo. Neno "hana akili" haliandikwi popote.

Sisi tuna Patandi kule Arusha, chuo kinachotoa walimu wa elimu maalumu. Wapo, ni wetu, wanajua haya kuliko mimi. Halafu tunampangia mmoja wao darasa la watoto zaidi ya mia. Kanuni zetu zinasema viboko visizidi vinne, achape mkuu wa shule au aliyempa idhini kwa maandishi, na viingizwe kitabuni. Cheka tu. Mtoto anayesoma taratibu anachapwa asome upesi, na mwenye kutetemeka mkono anachapwa kwenye mkono uleule.

"Sisi tulichapwa na tukasoma." Waliosoma ndio mnaosikia sauti zao. Aliyekaa dawati la nyuma akaacha darasa la tano hayumo kwenye mazungumzo haya.

Nasafiri Desemba. Niagizeni penseli nene za pembetatu, ni nyepesi kubeba na zinasaidia kweli. Mwenye cheti cha macho cha mtoto anitumie namba za lenzi mapema, nitauliza bei ya miwani. Vidonge vya samaki sibebi. Na huyo wa Mwanza anifungie kilo mbili za dagaa, wale wasio na mchanga.