Tarehe Imeshapangwa, Kazi Ndiyo Inakuja: Mwajiri Aambiwe Lini?

Ukumbi wa harusi umeshalipiwa kianzio, kamati inakaa vikao, michango imeanza kuingia. Wiki hiyohiyo unaitwa kwenye usaili wa kazi uliyoitafuta muda mrefu. Kwa mwingine ni safari ya Hija, na kwa mwingine ni mitihani ya NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu, ambayo ina tarehe zake na haimsubiri mtu. Aseme pale pale kwenye usaili, asubiri apewe kazi, au aanze kwanza ndipo aombe ruhusa?

Hapa Tanzania naona jibu linaanzia kwenye sheria, na sehemu yenyewe waombaji wengi hawaifahamu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya mwaka isiyopungua siku 28 mfululizo, yenye malipo, na sikukuu zinazoangukia humo zikihesabiwa. Lakini kwa kawaida mwenye utumishi wa chini ya miezi sita hana haki ya likizo hiyo, na hata akishaipata, mwajiri ndiye mwenye kupanga aende lini. Zaidi ya hapo, kinga dhidi ya kuachishwa kazi isivyo halali nayo haimhusu aliye chini ya miezi sita. Maana yake ni kwamba siku unazozitaka kwenye mwezi wa pili wa ajira huwezi kuzidai. Utazipata kwa makubaliano tu, na mgeni wa kazi ana nguvu ya kukubaliana kabla hajasaini mkataba.

Wanaoshauri mtu aseme mapema, kwenye usaili, wana hoja nzito. Ofisi ndogo inaweza kuwa inaajiri mhasibu mmoja tu, na inamtaka hasa kwa ajili ya kufunga hesabu za mwaka. Mtu akijua kwamba majuma hayo hatakuwepo, akanyamaza mpaka wenzake waambiwe hawakufanikiwa, amewapotezea muda watu wengi, naye mwenyewe ataanza kazi akiwa ameshatiliwa shaka.

Ila waajiri nao ni binadamu. Waombaji wawili wakilingana, mmoja ana safari na mwingine hana, ni rahisi jopo kumchukua asiye na safari, hata kama ni ya siku nne. Hakuna atakayemweleza mwenzake kwamba hiyo ndiyo sababu. Mwombaji bado hajajulikana thamani yake, na jambo la siku nne linageuka kuwa sifa yake ya kwanza. Kwa hilo siwalaumu wanaonyamaza kwenye usaili. Hujaulizwa, na kazi bado si yako.

Nisichokubaliana nacho ni ule ushauri wa vijiweni: anza kwanza, wakishakuzoea utaomba ruhusa. Bosi akikataa, huna sheria ya kushika wala karatasi ya kuonyesha, na ukiondoka bila ruhusa unakuwa mtoro ukiwa bado kwenye kipindi cha majaribio. Hata akikubali, ataona wazi kwamba tarehe uliijua tangu mwanzo.

Kwa kazi nyingi, basi, wakati unaofaa ni pale umeshaambiwa umepata lakini hujasaini. Mwajiri ameshakuchagua, na kuanza upya kutafuta mtu ni gharama kwake. Ongea naye kwanza, kisha andika: tarehe ya kuondoka na ya kurudi, kwamba uko tayari siku hizo ziwe bila malipo, na nani atashika kazi zako. Omba kibali kiingie kwenye barua ya ajira au kwenye barua pepe ya ofisa rasilimali watu. Makubaliano ya mdomo hufa siku aliyekubali anapohamishwa, na hilo hutokea sana.

Kuna nyakati za kutosubiri hatua hiyo. Ukiulizwa kwenye usaili, "Unaweza kuanza lini?" au "Una jambo lolote litakalokuzuia?", jibu ukweli wote. Kuficha baada ya kuulizwa ni uongo, na mwajiri ana haki ya kuuona hivyo. Vilevile kama siku zako zinagongana na kiini cha kazi yenyewe, kama mwalimu atakayekosekana wakati wa mitihani, au kama ni mwezi mzima, sema kwenye usaili. Hija yenye maandalizi yake inaweza kula majuma kadhaa.

Kwa ajira za serikali mambo hubadilika kidogo. Anayekusaili ni Sekretarieti ya Ajira, lakini ruhusa itatoka kwa mwajiri uliyepangiwa, hivyo kulieleza jopo suala la harusi yako hakusaidii kitu. Wa kuwasiliana naye ni mwajiri huyo, mara upatapo barua, kabla siku za kuripoti hazijakwisha.

Mimba nisingependa ichanganywe na safari. Sheria inakataza ubaguzi kwa sababu ya ujauzito, na katazo hilo linamlinda hata mwombaji wa kazi. Taarifa inayotakiwa kwa mfanyakazi anayetaka likizo ya uzazi ni walau miezi mitatu kabla ya tarehe ya kujifungua, pamoja na cheti cha daktari. Mwanamke hana deni la kulieleza jopo la usaili habari za tumbo lake.

Na mwajiri akikataa kabisa siku hizo kabla hujasaini? Basi bado una nafasi ya kuchagua kati ya kazi na tarehe, na huo ni uchaguzi ambaye ameshaanza kazi hana.