Vistari Sita

Kompyuta nimenunua mwenyewe, umeme nalipa mie, meza yake nimeibeba kichwani kutoka Kongowea. Leo asubuhi naiambia ihamishe picha za harusi ziende kwenye flashi, naandika rsync -av, amri ya kunakili faili, kama mtu mzima, inanijibu: huna ruhusa, kosa namba 13. Yakhe, hata makanga wa Likoni ukipungukiwa na shilingi 10 mtaelewana. Hii haina uso wa kuombwa.

Nikapiga ls -l, inionyeshe nani ana ruhusa gani. Folda ni ya dada yangu: rwx zake yeye, yaani kusoma, kuandika na kuingia, halafu vistari sita vimejipanga, kila kimoja ni ruhusa iliyonyimwa. Vile vistari sita ndio mie! Dukani kwangu!

Nikakumbuka lile neno la wakubwa, sudo. Liweke mbele, kompyuta inakuona wewe ndiye root, bwana mkubwa wa mashine, na root haulizwi atokako. Picha zikaanza kushuka, nikamwita muuza kahawa. Kahawa haijafika, yamezuka mengine: chown, ile amri ya kumwandika mwenye faili, imeshindikana. Kumbe flashi yenyewe imepangwa kwa FAT, mtindo wa kuhifadhi faili usioweka jina la mwenye mali. Ile -a ya rsync yataka kila faili ifike na mwenyewe, flashi nayo yasema hapa hakuna mwenyewe, kama sinia ya mahamri ya barazani. Ikamaliza kwa namba 23, yaani kuna yaliyokwama. Nikarudia kwa -rtv, mambo ya umiliki tuyawache. Kimya. Bingwa mie! Nikaifungua flashi nihesabu.

Dada akaingia.

"Kaka, ile folda umeifunguaje? Niliifunga mie, chmod 700, aingie mwenyewe tu. Ni za kupamba zile!"

Nikahisi jasho. Usiku wa kupamba mwanamume haingii, ndiyo maana mpiga picha akawa yeye. Kina mama mle wamevua mabuibui, wamejipara, wanacheza. Na mie nimewabeba wote kwa nguvu za root, nikawamwaga kwenye kiflashi kisichojua hata komeo ni nini.

"Nimezihamisha tu, wallahi. Sikutazama."

"Na hizo?"

Nikageuka. Kioo kizima kimejaa vipicha, safu kwa safu, mashangazi wa watu na maua ya asumini kichwani. Na mlangoni, kikombe mkononi, kahawa yamwagika taratibu kwenye kidole na wala hahisi, yule muuza kahawa.

"Huyu naye," dada akauliza, "ana ruhusa ya nani?"