Mchoro wa parametriki: dawa ya sharti lililofichika, si ya sharti lililopuuzwa

SysML, lugha ya michoro wanayoitumia wahandisi wa mifumo tangu toleo lake la kwanza la mwaka 2007, ilianza na aina tisa za michoro. Mmoja kati ya hiyo, mchoro wa parametriki, unasifiwa sana darasani na kukwepwa sana kazini. Wanaoutetea wanasema ndio pekee unaotia hesabu ndani ya muundo, na mingine yote ni maneno na mishale. Wanaoukataa wanasema hesabu ina mahali pake, kwenye lahajedwali la Excel, na kuichora ni kujiongezea kazi. Kwa maoni yangu kila upande una nusu ya ukweli, ila nusu hizo hazilingani.

Kazi ya mchoro wenyewe ni rahisi kueleza. Kila kanuni huwekwa kwenye kisanduku chake: wati ni volti mara ampea, kani ni tungamo mara mchapuko. Pembeni mwa kisanduku huwekwa vigezo vya kanuni hiyo, kisha mistari huviunganisha na thamani halisi za kifaa kinachosanifiwa. Mstari hauna maana nyingine zaidi ya hii: thamani ya huku na ya kule ni moja. Kanuni haina mwelekeo. Ukijua volti na ampea unapata wati; ukipewa wati na volti unapata ampea, na hakuna haja ya kuandika upya chochote. Kwenye Excel lazima uamue mapema kipi ni jawabu na kipi ni swali.

Tuchukue setilaiti ndogo ya umbo la mchemraba wa sentimita 10 kila upande, kama ile ya kwanza ya Kenya, 1KUNS-PF ya Chuo Kikuu cha Nairobi, iliyoachiwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga Mei 2018. Hesabu zinazofuata ni zangu, za kukadiria, wala sizo za mradi ule. Jua hutoa takriban wati 1,361 kwa kila mita ya mraba. Upande mmoja wenye seli za sentimita 60 za mraba, zenye ufanisi wa asilimia 30, ukilitazama jua moja kwa moja unapata karibu wati 2.5. Kwenye obiti ya kilomita 400, mzunguko mmoja huchukua kama dakika 92, na dakika 36 hivi kati ya hizo zinaweza kupita gizani. Mapato ya mzunguko mzima hayafiki wati-saa mbili na nusu. Redio inayokula wati 4 kwa dakika 8 inameza karibu robo yake.

Sasa watu wa kamera waombe picha kubwa zaidi. Picha kubwa ni data nyingi, data nyingi ni muda mrefu wa kurusha, muda mrefu ni umeme zaidi, umeme zaidi ni betri kushushwa chini kila mzunguko na kuchoka mapema. Ukiongeza betri unagonga uzito, na kiwango cha miaka ile kwa setilaiti ya ukubwa huo kilikuwa kilo 1.33. Kila mwamba ngoma huivutia kwake: wa kamera, wa redio na wa betri, kila mmoja ana hesabu sahihi mezani kwake. Kinachokosekana ni mahali ambapo hesabu hizo zinakutana, na mchoro wa parametriki ulitungwa kwa ajili ya mkutano huo. Kwa hili sioni ubishi.

Ubishi unaanza tukiuliza kama ungezuia ajali.

Watetezi hupenda kumtaja Ariane 5, roketi ya Ulaya iliyojilipua angani Juni 4, 1996, sekunde zipatazo 40 tangu kuanza safari. Programu ya kifaa cha kupima mwelekeo ilikuwa imerithiwa kutoka Ariane 4. Ndani yake namba inayotokana na kasi ya mlalo iligeuzwa kuwa namba kamili ya biti 16, ambayo haiwezi kuzidi 32,767. Kwa njia ya Ariane 4 namba hiyo haikufikia kikomo. Ariane 5 ilikuwa na kasi ya mlalo kubwa zaidi mwanzoni mwa safari, namba ikafurika, kifaa kikazima, na cha akiba chenye programu ileile kilikuwa kimeshazima kwa sababu hiyohiyo. Hapa kulikuwa na sharti la kweli, kwamba kasi ya mlalo isivuke kiasi fulani, na lilikuwa limezikwa ndani ya uamuzi wa zamani wa waandishi wa programu. Kisanduku kimoja kinachounganisha njia ya roketi na ukubwa wa namba hiyo kingelifichua.

Ila tume ya uchunguzi ilieleza jambo jingine ambalo watetezi hawalitaji sana: wahusika walikubaliana kutoweka data za njia ya Ariane 5 katika mahitaji ya kifaa kile. Mstari ungechorwa kuelekea wapi, ikiwa ncha yake ya pili ilikuwa imeachwa nje kwa makubaliano? Mchoro huonyesha kile tu ambacho mtu ameona kinafaa kuonyeshwa.

Mfano wa pili ni mgumu zaidi kwa watetezi. Septemba 23, 1999, chombo cha Marekani, Mars Climate Orbiter, kilipotea kilipokuwa kikiingia kwenye obiti ya sayari ya Mirihi. Programu ya ardhini ilitoa msukumo wa injini ndogo kwa paundi-sekunde, waliopokea wakausoma kama nyutoni-sekunde, tofauti ya mara 4.45. Chombo kilichopangiwa kupita kilomita 226 juu ya sayari kilipita kama 57. Vipimo ni miongoni mwa vitu ambavyo SysML inavishika vizuri, kwa hiyo mtu atasema mchoro ungeokoa. Lakini waraka wa makubaliano kati ya programu hiyo na ile ya waliopokea ulikuwa tayari unadai nyutoni. Sharti lilikuwepo, limeandikwa, linasomeka. Programu haikulifuata na hakuna aliyepima kama imelifuata. Mchoro mzuri uliofungiwa kabati moja na waraka ule ungekaa kimya vilevile.

Kuna pia gharama zisizohitaji ajali kuzieleza. Mchoro wenye kanuni tano unasomeka. Wenye thelathini ni utando wa buibui. Katika matoleo ya kwanza ya SysML hapakuwa na lugha moja ya lazima ya kuandikia kanuni, hivyo modeli (michoro pamoja na kanuni zake) inayokokotoka kwenye programu moja huenda isikokotoke kwenye nyingine, na bila programu ya kukokotoa mchoro haujibu hata hesabu ya kutoa. Halafu kuna watu. Fundi wa betri anaijua betri, na lahajedwali lake analijua kama mkono wake. Ukimpokonya umpe SysML atafuga yote mawili, na siku ya haraka atasahihisha lile analolielewa.

Toleo la pili la SysML, lililopitishwa rasmi mwaka 2025, limepunguza sehemu ya kero hii: masharti yanaweza kuandikwa kwa matini, kwa lugha moja iliyoainishwa, na kutunzwa kama msimbo wa programu unavyotunzwa. Kwangu hili lina uzito kuliko uzuri wowote wa visanduku, maana matini inaweza kukaguliwa na mashine kila mtu anapobadilisha kitu.

Kwa timu ndogo ya chuo, basi, nisingechora kanuni zote. Ningeweka kwenye modeli zile tu zinazovuka meza: umeme, uzito, data, muda wa kuonana na kituo cha ardhini. Hesabu ya ndani ya betri ibaki kwenye Excel ya fundi wake, mradi namba inayotoka humo iingie kwenye modeli moja kwa moja bila mtu kuinakili kwa mkono. Na kabla ya kuchora mstari wa kwanza ningemtaja kwa jina atakayekuwa anaikokotoa modeli hiyo kila wiki, na kuilinganisha na kile ambacho maabara imepima. Asipopatikana mtu huyo, ni bora kubaki na lahajedwali.