Ukipenda Vipepeo, Ng'oa Hilo Gugu la Dukani

Machi ikifika, vipepeo wa monarki walioshinda msimu wa baridi kwenye misitu ya milima ya Michoacán, Meksiko, huanza kurudi kaskazini, na Texas ndiko wengi wao hutaga kwanza. Ukiwa na subira utamwona jike akitua juu ya milkiwidi, gugu lenye utomvu mweupe kama maziwa. Hugongagonga jani kwa miguu kulionja, akapinda tumbo, akabandika yai chini ya jani. Moja tu, kisha huyoo, jani jingine. Hatagi kwingine, kwani kiwavi wake hali mmea mwingine; sumu ya ule utomvu mweupe ndiyo humfanya awe mchungu kinywani mwa ndege. (Binamu yake wa Afrika, Danaus chrysippus, naye hutaga kwenye mimea ya ukoo huohuo.)

Hapo hakuna ubishi. Ubishi uko kwenye vitalu vya maua, ambako kinachouzwa sana ni milkiwidi ya nchi za joto, Asclepias curassavica, yenye maua mekundu na ya manjano. Inapendeza, inakua upesi, na watu huinunua kwa nia njema kabisa. Lakini nia njema hiyo inawaponza vipepeo wenyewe. Milkiwidi za asili ya Texas, kama Asclepias viridis, hunyauka baridi ikiingia, zikachipua upya baadaye. Hii ya dukani, pasipo baridi kali, haifi. Majani yaleyale hudumu miezi na miezi yakikusanya vimelea vidogo mno viitwavyo OE (Ophryocystis elektroscirrha) wanavyodondosha vipepeo wagonjwa. Kiwavi humeza vimelea pamoja na jani, na vikimzidi, hutoka kwenye kifukofuko mabawa yamekunjamana, hawezi kuruka.

Najua nitakachojibiwa: za asili ni adimu madukani, na mbegu zake zina ukaidi wa kuota. Ni kweli. Basi asiyetaka kung'oa aikate hadi karibu na ardhi kila Oktoba, na ikichipua akate tena mpaka baridi iishe. Mimi ningeing'oa tu.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba gugu la asili huota bure kandokando ya barabara na nyuma ya nyumba, na mtu yuleyule aliyenunua maua ya dukani hulifyeka Aprili pamoja na mayai yake. Mashine ya kukata nyasi ipumzike upande huo hadi mwisho wa Mei. Majirani watanuna kidogo, na wanune.